Uliza Tukujibu: Mtungi upo, gesi haimo, mimi ni maskini wa nishati au sio?

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu habari ya umaskini wa nishati majumbani, yaani nyumba kushindwa kumudu moto wa kupikia, joto au umeme wa kutosha, nikadhani nimemaliza, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja mpaka nimeshindwa pa kuziweka. Nimechagua tano, nyingine zinafanana.

Dada mambo vipi. Mimi mbeba boksi hapa Leicester, nina mke na watoto wawili, tumepanga nyumba ya zamani ya matofali, dirisha la chumbani ukisogeza mkono unasikia upepo. Mita yetu ya kulipia kabla, unaenda na ufunguo dukani wanakuchajia. Baridi iliyopita tuliamua hita iwake kwa muda wa saa moja tu jioni watoto wakioga, muda mwingine ni masweta na blanketi, mwezi mzima umeme na gesi tukatumia pauni 85 na mimi napokea kama 1,900 baada ya makato. Jamaa wa kazini kaniambia huku ukizidisha asilimia kumi ya kipato ndo unahesabiwa maskini wa nishati. Nimepiga hesabu haifiki hata tano. Sasa mbona nalala na soksi mbili?
*Mbeba boksi, Leicester*

Pole kaka. Jamaa yako hajakudanganya ila kakupa habari ya zamani, tena kakupa nusu.

Hio asilimia kumi ina mwenyewe. Mtafiti wa Kiingereza Brenda Boardman aliiweka kwenye kitabu chake cha 1991, na hakuiokota hewani, aliangalia takwimu za matumizi ya kaya za Uingereza za 1988 akaona zile asilimia 30 za kaya za chini ndo zinamaliza kama asilimia kumi kwenye nishati ya nyumbani, akasema basi ukizidi hapo una tatizo. Yaani ni picha ya nchi moja ya mwaka mmoja, alafu watu wakaibeba wakazunguka nayo dunia nzima kama vile ni sheria ya fizikia.

La pili ndo lako hasa. Serikali ya huko ilipoichukua hio asilimia haikuangalia ulichotumia, iliangalia ulichotakiwa kutumia. Wanachukua ukubwa wa nyumba, kuta, boila, mpo wangapi ndani, wanapiga hesabu ingewagharimu kiasi gani sebule ifike nyuzi 21 na vyumba vingine 18, hio ndo inawekwa juu ya kipato. Kwa hiyo zile pauni 85 hazisemi kitu. Umenunua baridi kwa bei ya chini, basi. Ungewasha hita kama watu wanavyotakiwa kuishi labda ingefika mia mbili na kitu, na hio ndo namba ambayo mpimaji anaitafuta.

Sasa England yenyewe ilishaachana na asilimia kumi. Profesa John Hills alipewa kazi ya kuikagua, ripoti yake ikatoka 2012, akasema kipimo kinayumbishwa sana na bei, gesi ikipanda hata mwenye jumba kubwa na hela zake anaingia kwenye hesabu. 2013 wakaweka kingine, ukiwa na kipato cha chini na nyumba yako gharama yake inayotakiwa iko juu ya ile ya kaya ya katikati, yaani ile inayoangukia katikati ukizipanga zote kuanzia ya gharama ndogo mpaka kubwa. Kikawa na kasoro ya upande wa pili, maana ya katikati ipo siku zote, bei ipande ishuke idadi haishtuki sana. 2021 wakabadilisha tena. Siku hizi wanaangalia mawili, nyumba yako ina daraja D kwenda chini kwenye cheti cha nishati (A ndo bora, G ndo mbovu), na ukishatoa kodi ya nyumba na hio gharama inayotakiwa unabaki chini ya mstari wa umaskini. Yote mawili kwa pamoja, moja halitoshi. Nyumba ikiwa C, hata mfuko uwe umetoboka, wewe kwa vitabu vya England sio maskini wa nishati.

Ukitaka kuona maajabu yake, mwaka 2023 kwa kipimo hiki cha sasa England ilikuwa na asilimia 13.0 ya kaya zilizohesabiwa maskini wa nishati. Mwaka huo huo, nchi hio hio, ukihesabu kaya zinazotakiwa kutumia zaidi ya asilimia kumi ya kipato baada ya kodi ya nyumba, unapata 36.4. Hakuna aliyehama wala aliyefilisika katikati, wamebadilisha rula tu. Ungekuwa umepanga Glasgow ungepimwa kwa rula nyingine kabisa kwa sababu Scotland ina sheria yake ya 2019, inabaki na asilimia kumi lakini inaongeza sharti kwamba kinachobaki hakitoshi kuishi maisha ya heshima.

Wewe fanya hivi, tafuta cheti cha nishati cha hio nyumba, vipo kwenye intaneti bure ukiweka namba ya posta ya mtaa wako (postcode). Mwenye nyumba huko haruhusiwi kupangisha chini ya E, isipokuwa kama ana msamaha maalumu, sheria imeshawagusa wapangaji wote toka 2020. Kama mnapokea benefiti za kipato cha chini ulizieni lile punguzo la pauni 150 la msimu wa baridi. Na dirisha hilo piga picha, mtumie kwa maandishi, usimwambie kwa mdomo mlangoni.

Hodi hodi mdogo wangu. Walikuja vijana wawili na mjumbe wetu, wana tableti, wakaniuliza mama hapa mnapikia nini hasa. Nikaona mtungi uko pale kona, nikasema gesi. Walivyotoka mwanangu wa mwisho akacheka, mama mbona huo mtungi mtupu tangu mfungo uishe. Na kweli mtupu, nimeufunika kitambaa cha kufuma nikaweka redio juu. Napikia mkaa wa kopo. Sikukusudia uongo, aibu tu ilinishika, na ule mtungi niligaiwa bure. Je nimewaharibia kazi yao?
*Mama wa watatu, Tanga*

Shikamoo dada yangu. Hujaharibu wewe, limeharibu swali. Na hio redio juu ya mtungi imenichekesha kwa sababu naijua, mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilikuwa mdadisi, nimezunguka na dodoso nyumba kwa nyumba mpaka kandambili zimeisha, na mtungi uliofunikwa kitambaa nimeuona zaidi ya mara moja. Kuna nyumba nimeingia saa sita mchana, mama kaniambia gesi, na nyuma ya mlango nasikia mtu anapepea jiko. Nikaandika gesi. Dodoso lilikuwa na kisanduku kimoja tu, nishati kuu ya kupikia, chagua moja, na msimamizi alishatuambia tusibishane na mhojiwa.

Ndo shida ya swali la chagua moja. Sensa ya Kenya ya 2019 kwa mfano inakwambia asilimia 55.1 ya kaya zinapikia kuni, 23.9 gesi, 11.6 mkaa, na ukisoma hivyo unadhani watu wamepangwa kwenye foleni tofauti, wa kuni huku wa gesi kule. Nani anaishi hivyo? Chai ya asubuhi gesi, maharage mkaa, siku ya hitima kuni nyuma ya nyumba na sufuria za kuazima. Watu wanachanganya, na wanachanganya kwa akili sana, kila chakula na moto wake na kila tarehe ya mwezi na moto wake.

India walijifunza hili kwa gharama. Mei 2016 serikali yao ilianzisha mpango wa Ujjwala wa kuwaunganishia gesi wanawake wa kaya maskini, na kufika Septemba 2019 walishafikisha milioni 80. Kwenye karatasi ushindi mtupu. Wakaguzi wa hesabu wa serikali walipoenda kuangalia mtungi unajazwa mara ngapi wakakuta wastani ni mara tatu na kitu kwa mwaka. Mitungi mitatu ya kilo 14 kwa familia haivuki mwaka dada, hata ukipika kwa kuhesabu viberiti. Kwa hiyo mpimaji aliyeuliza "una mtungi?" alipata jibu moja, na aliyeuliza "mara ya mwisho umejaza lini?" akapata nchi nyingine kabisa.

Alafu kuna hili la kopo. Wewe unanunua mkaa kidogo kidogo kwa sababu hela inaingia kidogo kidogo, na ukijumlisha makopo ya mwezi unakuta umelipa kuliko aliyenunua gunia, na pengine kuliko bei ya kujaza mtungi. Sio kwamba huoni, ni kwamba hela ya mtungi inatakiwa yote siku moja. Sasa dodoso linalouliza tu "kwa mwezi mnatumia shilingi ngapi kwenye mkaa" hilo halilioni, na mara nyingi anajibu baba ambaye hata kopo halijui bei.

Na shangazi yako wa kijijini je, anayekata kuni mwenyewe? Yeye hatoi hata senti. Ukimpima kwa ile asilimia kumi ya kaka wa Leicester anatoka na sifuri, maana yake kwa hesabu hio yeye ndo tajiri kuliko wote waliotajwa humu ndani. Masaa yake, mgongo wake, macho yanayotoka machozi kwa moshi, hakuna safu yake. Hapo ndo najua mtu ametafiti kweli au amenakili, kama dodoso lake lina swali la muda wa kutafuta kuni na nani anaenda.

Wakirudi wale vijana waambie ukweli tu. Waambie na redio.

Umaskini wa mafuta ndio sisi tunaolala foleni ya petroli?
*Dereva, Bujumbura*

Hapana ndugu yangu, japo nakuelewa na pole na foleni. Waingereza wanaita "fuel" kila kinachowaka, makaa, gesi, mafuta, na hapo wanamaanisha cha ndani ya nyumba. Ukitafsiri neno kwa neno unaishia sheli. Sie hapa tunasema umaskini wa nishati. Foleni ya petroli ni ugonjwa mwingine na daktari wake mwingine.

Salamu kutoka Machakos. Mimi ni mwalimu mstaafu. Stima imefika kwangu, tokeni nanunua kwa simu. Mjukuu wangu anasema bado tumo kwenye umaskini wa nishati. Nimemwambia koroboi nimeitupa, sasa umaskini gani tena?
*Mwalimu, Machakos*

Shikamoo mwalimu. Mjukuu hajakosa adabu, ana hoja.

Zamani kweli ilikuwa hivyo, umeunganishwa au hujaunganishwa, ndio au hapana. 2015 watu wa Benki ya Dunia wakaleta kipimo cha ngazi, kuanzia 0 mpaka 5, na nguzo pekee haikupandishi. Wanauliza stima inakaa masaa mangapi kwa siku, ngazi ya kwanza masaa manne yanatosha, ya tatu manane, ya tano ishirini na matatu. Wanauliza jioni peke yake, maana saa mbili usiku ndo mtoto anasoma na ndo watu wote wanawasha. Wanauliza inakatika mara ngapi, nguvu yake inatosha au balbu inakuwa nyekundu kama jicho la mlevi, ni salama, ni halali au umevuta waya kwa jirani. Na bei, kilowati-saa 365 kwa mwaka, yaani kama uniti moja kwa siku, isizidi asilimia tano ya kipato cha nyumba. Na kitu wengi hawajui, kila sifa inapewa ngazi yake na ile ya chini kabisa ndo inakuwa ngazi ya nyumba yako. Unaweza kuwa na 5 kwenye kila kitu, ukapata 2 kwenye masaa, wewe ni 2. Wewe mwalimu unajua, hakuna wastani hapo, ni kama mwanafunzi kapata A zote akafeli somo la lazima.

Alafu kupikia kuna ngazi zake kando. Stima inawasha taa lakini ugali unapikwa na nini? Jibu hilo utampa mjukuu mwenyewe.

Habari dada. Nasoma shahada ya pili Dodoma, tasnifu yangu ni kulinganisha umaskini wa nishati Tanzania, Ureno na Uingereza. Nimepanga nitumie kigezo cha asilimia kumi kwa nchi zote tatu ili iwe rahisi kulinganisha. Msimamizi wangu kaandika tu "fikiria tena" kwa kalamu nyekundu. Nifikirie nini?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Umesoma hapo juu lakini? Rudi kwa shangazi wa kuni, alafu uje.

Haya. Rahisi kulinganisha na kweli kulinganisha ni vitu viwili. Ureno umeichagua vizuri sijui kama kwa makusudi. Umoja wa Ulaya una utafiti wake wa kila mwaka wa kipato na hali ya maisha, wanauliza kaya kama wanamudu kuweka nyumba joto la kutosha. Mwaka 2023 wastani wa Umoja ulikuwa asilimia 10.6 wasiomudu. Ureno na Hispania zote 20.8. Finland, kwenye theluji kule, 2.6. Yaani wanaolalamika baridi ni watu wa jua! Na sio deko. Nyumba nyingi za Ureno zimejengwa kama vile Januari haipo, kuta hazina kitu cha kuzuia joto lisitoke, hamna mfumo wa kupasha nyumba nzima, na mishahara midogo kuliko ya Finland ambako nyumba imejengwa kwa kuiogopa baridi. Umaskini wa nishati unakaa kwenye ukuta na kwenye mfuko, sio kwenye kipimajoto cha nje.

Lakini hilo swali nalo lina mtego wake, "joto la kutosha" la bibi wa Lisbon aliyezoea koti ndani ya nyumba sio la kijana wa Helsinki anayekaa na kaptula Desemba. Mtu aliyezoea shida anaweza kukujibu namudu. Kwa hiyo watafiti wa huko hawategemei swali moja, wanaangalia na malimbikizo ya bili, wanaangalia wanaotumia sehemu ya kipato mara mbili ya kaya ya katikati ya nchi yao, na wanaangalia upande wa pili ambao mimi naupenda zaidi, wanaotumia chini ya nusu ya matumizi ya kaya ya katikati. Hao ndo kina kaka wa Leicester, wanaokata wenyewe kabla bili haijawakata. Angalia tu usiwachanganye na mtu mwenye nyumba mpya isiyokula umeme, au asiyekaa nyumbani, maana naye bili yake ndogo.

Sasa swali la joto utalileta Dar? Mtu wa Mbagala atakuangalia. Kwake ni feni usiku na maji baridi. Lakini usilitupe pia, maana Tanzania ina Njombe na Makete, na Juni kule watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wanafunga madirisha, ambayo ni hatari ya kifo kwa ile hewa isiyo na harufu. Kwa hiyo ndani ya nchi moja tu tayari una maswali mawili tofauti.

Ningekuwa wewe ningeacha kutafuta namba moja ya nchi tatu. Kuna kielezo cha Nussbaumer, Bazilian na Modi cha 2012 kinachojumlisha unakosa nini, moto safi wa kupikia, taa, friji, redio au tivii, simu, hicho kwa Tanzania kinafanya kazi, ila ukikipeleka Uingereza karibu kila mtu anafaulu, hakioni baridi. Na rula ya Uingereza ukiileta huku watu wengi hawana bili ya kugawanya. Chukua kinachofaa kila nchi, alafu linganisha kitu kimoja ambacho kinaulizika kokote, familia imejinyima nini ili moto uwake. Kuruka mlo, kupika mara moja kwa siku, kulala mapema saa moja ya usiku kuokoa uniti, kuhamia wote chumba kimoja. Leicester wanakifanya, Lisbon wanakifanya, Tanga wanakifanya.

Vitu vidogo vya uwanjani sasa, maana hivi ndo vinaua tasnifu. Muulize anayepika, sio mkuu wa kaya, na kama ni watu wawili waulize wote. Usiulize matumizi ya mwaka, uliza ya wiki iliyopita, kisha urudi msimu mwingine, kwa sababu mkaa wa masika sio mkaa wa kiangazi. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, usiulize kwa kumbukumbu, omba aonyeshe meseji za tokeni kwenye simu, zipo zote na tarehe zake, na utaona mwenyewe jinsi manunuzi yanavyokuwa ya elfu mbili mbili mwisho wa mwezi. Ukikuta watu wanne wamechangia mita moja kwenye nyumba ya kupanga, hizo ni kaya nne mita moja, na wenye nyumba wengi wanakwambia bei yao sio ya serikali.

Na gesi usiamini mdomo wala usiamini macho. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma pale juu karibu na koki, wewe nenda na ile mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, pima, toa, umejua imebaki gesi kiasi gani. Rudi baada ya wiki mbili pima tena. Ila omba ruhusa kwanza kabla hujainua mtungi wa mtu, na kama una redio juu yake msaidie kuishusha taratibu.